Fedha ya Korosho si Fedha ya Dau

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa Oktoba hadi kuelekea Januari, fedha nyingi huingia kwa mkupuo katika vijiji vyetu vya Ndanda, Masasi, Newala na Uwanda mzima wa Makonde. Minada hufanyika, vyama vya msingi hulipwa, na mkulima aliyeishi miezi mingi kwa kukopa chumvi na sabuni dukani hujikuta ghafla ana laki kadhaa, pengine milioni. Katika miezi hiyohiyo ligi za kandanda za Ulaya huwa zimepamba moto, na Ligi Kuu yetu nayo iko uwanjani. Simu inayopokea ujumbe wa malipo ya korosho ndiyo simu hiyohiyo inayopokea ujumbe wa kumwalika mwenye nayo aweke dau. Kati ya ujumbe wa kwanza na wa pili, mara nyingine haupiti hata usiku mmoja.

Makala haya hayakusudii kumtukana kijana anayebeti. Matusi hayajawahi kumwachisha mtu jambo lolote. Kusudi letu ni kuyapima, kwa hesabu na kwa akili, maneno ambayo siku hizi yanasambazwa kila kijiwe na watu wanaojiita wataalamu wa kubashiri. Wanasema hivi: hasara haitokani na mchezo, hasara inatokana na mchezaji asiyejua kuugawa mfuko wake. Tenga fedha maalumu ya dau, wanafundisha. Usiweke zaidi ya asilimia moja au mbili ya mfuko kwa mchezo mmoja. Ukipoteza, usiongeze dau ili kuirudisha hasara. Andika kila kitu katika daftari. Ukifanya hivyo, wanamaliza, utabeti kama mfanyabiashara na wala si kama mcheza kamari.

Maneno haya yana sura ya hekima, na sehemu yake ni hekima kweli. Kwa sababu hiyo yanastahili kujibiwa kwa makini. Uongo mtupu hauna kazi kuukataa. Ukweli uliokatwa nusu ndio unaopoteza watu.

Elimu ya kugawa mfuko ilikomaa zaidi katika mbio za farasi. Sisi wa kusini farasi hatunao. Nchi yetu ni ya mbung'o, na mnyama huyo hadumu mahali penye mbung'o. Aliye karibu nasi ni farasi wa Nairobi, katika uwanja wa Ngong ambako mbio zimekuwa zikifanyika tangu mwaka 1954, pamoja na farasi wa kuchorwa tu, wanaokimbia ndani ya skrini za vibanda vya kubeti kila baada ya dakika chache, bila kula majani wala kuchoka. Lakini kanuni ni zilezile, awe farasi wa nyama, farasi wa skrini, au timu ya mpira ya Manchester.

Katika mbio za farasi kulizuka mapema swali la nani analipa na nani anapokea. Mwaka 1867, mjini Paris, Joseph Oller alianzisha utaratibu ambao madau yote hukusanywa katika chungu kimoja, mwenye mchezo hukata fungu lake kwanza, kisha kinachobaki hugawiwa walioshinda. Utaratibu huo ulienea duniani kwa sababu ulikuwa wa wazi: kila mtu aliona kuwa anayekula kwanza ni mwenye chungu. Kampuni za leo hazionyeshi chungu. Fungu lao limefichwa ndani ya viwango vya malipo, nalo hulipwa na mchezaji bila yeye kujua kuwa amelipa.

Tuchukue mfano mwepesi. Timu mbili zina nguvu sawa kabisa, na lazima mmoja ashinde. Malipo ya haki yangekuwa 2.00 kwa kila upande: weka shilingi 1,000, ukishinda uchukue 2,000. Lakini kampuni itaandika 1.90 huku na 1.90 kule. Mtu akiweka 1,000 upande huu na mwenzake akaweka 1,000 upande ule, zimeingia 2,000 na zimetoka 1,900. Shilingi 100 zimebaki mezani pa mwenye mchezo, na yeye wala hakuhitaji kujua nani angeshinda. Hiyo ni asilimia tano ya kila shilingi inayopita. Katika michezo mingine fungu hilo ni dogo kuliko hapo, katika mingi ni kubwa zaidi.

Sasa tumlete kijana mtiifu, aliyeisikiliza kanuni ya wataalamu na kuifuata neno kwa neno. Ametoa shilingi 500,000 katika fedha ya korosho, ameziita mfuko wa dau, na kila mchezo anaweka 10,000, yaani asilimia mbili. Anacheza mara kumi kwa juma. Haongezi dau kwa hasira, hakopi, anaandika daftari. Kwa juma moja amepitisha mezani shilingi 100,000, na asilimia tano yake ni 5,000. Zidisha kwa majuma 52: kwa wastani atakuwa amepoteza 260,000, zaidi ya nusu ya mfuko, hali amefuata sheria zote. Juma moja atashinda, juma jingine atashindwa. Atakuwa na siku za kushangilia na rafiki zake watamwita fundi. Lakini wahenga walikwisha kusema: bandu bandu huisha gogo. Kanuni ya asilimia mbili haikuizuia shoka. Imeipunguzia tu kasi.

Hapo ndipo penye nusu ya ukweli iliyofichwa. Mwaka 1956 mtaalamu wa Kimarekani, John L. Kelly, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya simu ya Bell, alichapisha hesabu inayoonyesha ni sehemu gani ya mfuko inayofaa kuwekwa katika kila dau ili mali ikue kwa kasi bila kuangamia. Alitumia mfano wa mbio za farasi na wa mcheza kamari anayepokea habari za siri kwa waya kabla ya wengine. Walimu wa vijiweni wanalitaja jina lake kwa fahari. Wasichokitaja ni sharti la kwanza la hesabu hiyo: lazima mchezaji awe anajua jambo ambalo kiwango cha malipo hakijalijua.

Tuifanye hesabu yenyewe kwa mfano wetu. Malipo ni 1.90. Ikiwa kijana wetu ana hakika, kwa ujuzi wa kweli na si kwa mapenzi ya timu, kwamba upande wake utashinda mara 55 katika kila mara 100, hesabu ya Kelly inamruhusu kuweka asilimia tano ya mfuko, basi. Na wazoefu huchukua nusu ya hapo, kwa kuwa wanajua binadamu hujidanganya kuhusu ujuzi wake. Lakini ikiwa nafasi yake ni 50 kwa 100, kama ilivyo kwa mtu yeyote asiye na habari maalumu, hesabu inatoa jibu lililo chini ya sifuri. Maana yake ni kuwa dau linalomfaa mtu huyo ni sifuri. Si asilimia mbili, wala asilimia moja, wala shilingi mia tano.

Basi, ndugu msomaji, tazama jinsi mambo yalivyogeuzwa. Mwanahesabu alisema: asiye na ujuzi asiweke kitu. Mwalimu wa kijiweni akaufuta mwanzo wa somo, akabaki na mwisho wake, kisha akauza mwisho huo kana kwamba ndio somo zima.

Atauliza mtu: je, hakuna walioshinda? Wapo. Huko Hong Kong, Mmarekani William Benter na wenzake walianza katika miaka ya 1980 kuwapima farasi kwa kompyuta, wakikusanya kumbukumbu za kila farasi, kila mpanda farasi na kila mbio, na hatimaye wakapata mali nyingi sana. Lakini tuangalie ni nini kilichotakiwa: mtaji wa kustahimili hasara za mwanzo, miaka ya kazi isiyokatika, mitambo, na watu waliosomea hesabu. Hiyo ilikuwa ajira nzito kuliko kupalilia ekari kumi. Haifanani na kijana anayejaza mkeka akiwa juu ya bodaboda, akimsubiri abiria kwenye njia panda ya Ndanda. Anayemwonyesha kijana huyo mfano wa Benter ni sawa na anayemwonyesha mvuvi wa mtumbwi meli ya mizigo, akamwambia hivi vyote ni vyombo vya majini.

Kuna makosa mawili ambayo hayasubiri hata mwaka kuisha. La kwanza ni kurudufu dau kila unaposhindwa, kwa imani kuwa ushindi mmoja utafuta hasara zote. Anayeanza na 1,000 huweka 2,000, kisha 4,000, 8,000, 16,000. Kwa malipo ya 1.90, akishinda katika mara ya tano anapokea 30,400, lakini amekwisha kutoa 31,000. Ameshinda na bado ana hasara! Akifika mara ya nane anatakiwa kuweka 128,000, baada ya kupoteza 127,000. Nafasi ya kushindwa mara saba mfululizo huonekana ndogo, moja kwa 128. Lakini katika kila watu watatu wanaocheza mara mia moja za namna hiyo, kwa wastani mmoja atakutana nayo. Mtu huyo ndiye ambaye kesho yake unasikia ameuza baiskeli.

Kosa la pili ndilo linalopendwa kuliko yote, nalo ni mkeka mrefu. Kijana huunganisha michezo kumi katika tiketi moja, akavutwa na jumla kubwa iliyoandikwa chini. Kila mchezo ni wa nafasi nusu kwa nusu na malipo ya 1.90. Kwa dau la 1,000 kampuni inamwahidi kiasi cha 613,000. Fedha nyingi! Lakini nafasi ya yote kumi kutimia ni moja kwa 1,024. Malipo ya haki yangekuwa 1,024,000. Asilimia tano iliyokatwa katika mchezo mmoja imekatwa mara kumi, moja juu ya nyingine, hata katika kila shilingi 100 zinazowekwa ni kama 60 tu zinazorudi kwa wachezaji wote kwa jumla. Mkeka unapochanika kwa timu moja, mwenye nao huhesabu kuwa amekosa kidogo tu. Ukweli ni kwamba alikuwa amekwisha kukatwa kabla mpira haujaanza.

Tukisema hivi, hatusemi kuwa kanuni za kugawa mfuko hazina kazi. Zinayo kazi, na ni kazi ya breki. Aliyekwisha kuamua kucheza, na ambaye hatusikilizi hata tukisema hadi asubuhi, ni afadhali acheze akiwa na breki kuliko bila breki. Atenge kiasi ambacho kikipotea chote nyumbani hapatakuwa na mtu atakayelala njaa. Kiasi hicho kikiisha, asikijaze tena hadi msimu ujao. Asikope kwa ajili ya dau, wala kwa jirani wala kwa simu. Asiirudufu hasara. Na aandike, kwa kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Wengi walioacha, waliachishwa na daftari lao wenyewe. Siku walipojumlisha waliona kuwa ushindi wanaousimulia ulikuwa mmoja, na hasara walizozisahau zilikuwa arobaini. Lakini breki haiendeshi gari mbele. Asidhani mtu kuwa kwa kufuata kanuni hizo amepata kazi ya kumwingizia kipato.

Tuliokaa chini katika chuo cha Kurani kabla ya kuingia shule ya Serikali tulifundishwa jambo ambalo hesabu hii inanikumbusha. Katika Suratul Baqara, aya ya 219, ulevi na kamari havikuelezwa kuwa ni vitu visivyo na manufaa yoyote. Manufaa yake yalitajwa, kisha yakawekwa kwenye mizani pamoja na madhara, na madhara yakawa mazito zaidi. Wafasiri husimulia kuwa Waarabu wa zamani walikuwa wakipiga mishale ya bahati juu ya mafungu ya nyama ya ngamia, na walioshinda wakiwagawia maskini nyama hiyo. Hata kamari iliyolisha maskini haikusalimika mbele ya mizani. Wale wanaotuambia leo kuwa michezo ya kubahatisha inafaa kwa kuwa sehemu ya mapato yake inajenga hiki na kile, hoja yao ni ya kale, na ilikwisha kujibiwa.

Zaidi ya hayo, wanavyuoni wa sheria hawakuyaharamisha mashindano ya farasi yenyewe. Waliruhusu mbio, na wakaruhusu zawadi, kwa kuwa zilikuza ushujaa na ufugaji. Walichokiangalia ni zawadi imetoka kwa nani. Akiitoa mtawala, au mmoja tu wa washindani, haina ubaya. Wakiitoa wote wawili ili anayeshinda azoe ya mwenzake, hiyo ni kamari, na wengi wao hawakuikubali ila aingie mshindani wa tatu asiyetoa kitu naye ana uwezo wa kweli wa kushinda. Swali lao lilikuwa la haki: mali hii imehama kwa kazi gani? Mkristo wa Ndanda, jirani wa abasia ya Wabenediktini, na hata asiye na dini, anaweza kuliuliza swali hilohilo bila kubadili imani yake.

Wapo wenzetu katika Chama wanaosema tuombe marufuku, jambo liishe. Naheshimu uchungu wao, lakini siafikiani nao. Taifa letu halikuwahi kuwa geni kwa bahati nasibu. Hata katika miaka ya siasa ya kujitegemea ilikuwako Bahati Nasibu ya Taifa. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliiweka biashara hii chini ya Bodi, ikaweka leseni na kodi. Majirani zetu wa Kenya mwaka 2019 walikataa kuhuisha leseni za kampuni kubwa kadhaa, baadhi zikafunga ofisi. Lakini Wakenya hawakuacha kubeti. Simu ya mkononi haina mpaka. Marufuku isiyoweza kutekelezwa humwachia mwananchi mchezo uleule, ila sasa bila leseni, bila mahali pa kulalamika, na bila kodi. Tunachohitaji ni sheria iliyopo itekelezwe mpaka kijijini, na pia mwananchi mwenye hesabu kichwani.

Na sasa tufike penye kiini cha jambo, kwa maana kijana wa Masasi hakuanza kuishi kwa bahati siku aliponunua simu. Mkulima wa korosho ni mweka dau tangu zamani, na dau lake ni maisha yake. Huweka jasho na salfa shambani mwezi wa Juni bila kujua bei ya Oktoba. Ubwiriunga ukiyapata maua, amekosa. Mvua ikinyesha wakati wa kuokota, korosho hushuka daraja. Mnunuzi wa India au Vietnam akibadili mawazo, mnada hudoda. Wazee wanakumbuka: msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000, na kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameanguka hadi chini ya tani 20,000, kwa sababu ya ubwiriunga, bei ndogo kwa mkulima, na watu kuhamishwa mbali na mikorosho yao.

Na ambao hawakumbuki ya zamani wanakumbuka ya juzi. Msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000 na bei ikafikia kiasi cha shilingi 4,000 kwa kilo. Watu walijenga, walinunua pikipiki, na wengine walikopa kwa kutegemea kuwa mwaka unaofuata ungekuwa vilevile. Mwaka uliofuata, Oktoba 2018, wanunuzi walileta bei za chini na wakulima wakakataa kuuza. Mwezi wa Novemba Serikali ikatangaza kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Uamuzi huo ulimkinga mkulima asiuze kwa bei ya kutupa. Lakini uhakiki na malipo vilichukua miezi, na aliyekuwa amekwisha kumaliza fedha ya msimu uliotangulia hakuwa na kitu cha kushikilia. Hapo ndipo kangomba anapopata nguvu. Anakuja na fedha taslimu wakati wa njaa, ananunua korosho zikiwa bado mtini, kwa bei anayoitaka yeye.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mkoani Mtwara mwaka 2007, umesaidia kuweka mnada wa wazi. Oktoba 2024 bei katika minada ya kwanza ilizidi tena shilingi 4,000. Lakini hakuna mnada unaoweza kumlinda mtu ambaye mnamo Machi hana chakula. Mkulima anayeingia msimu na mfuko mtupu ni sawa na mweka dau aliyebakiwa na shilingi yake ya mwisho: hachagui wakati wa kuuza, anachaguliwa.

Kwa hiyo kanuni zile za mfuko, ambazo kwa mbeti wa kawaida huchelewesha tu hasara, kwa mkulima zina kazi kamili. Yeye ndiye mwenye kile ambacho Kelly alikitaka: ujuzi wa kweli, na mche unaozaa. Shamba la mikorosho iliyotunzwa vema huongeza mali kwa wastani wa miaka. Linachohitaji ni mwenye nalo asiangamizwe na mwaka mmoja mbaya. Hesabu ya hasara haina huruma. Aliyepoteza sehemu ya kumi ya mtaji atahitaji faida ya asilimia kumi na moja ili arudi alipokuwa. Aliyepoteza nusu atahitaji kuzidisha mara mbili kilichobaki. Aliyepoteza sehemu tisa katika kumi atahitaji kukizidisha mara kumi, na huyo mara nyingi harudi.

Fedha ya korosho ikifika, basi, igawiwe kabla haijalala. Fungu la kwanza ni chakula cha kufikisha nyumba hadi mavuno yajayo, na lisiguswe kwa lolote. La pili ni pembejeo na palizi, kwa kuwa mkorosho usiopuliziwa dawa ni deni la mwaka kesho. La tatu ni ada, sare na matibabu. La nne ni akiba isiyokaa kwenye simu ya kila siku, bali benki, katika chama cha akiba na mikopo au katika kikundi cha kuweka na kukopa, mahali ambapo kuitoa kunahitaji safari na mashahidi. Baada ya mafungu hayo manne ndipo mtu aseme kilichobaki ni cha starehe. Na mke na mume wakae pamoja wakati wa kugawa. Fedha iliyohesabiwa na watu wawili ni vigumu kupotea kwa kubofya kidole kimoja.

Watu wa Newala hawahitaji kufundishwa jambo hili na mgeni. Uwandani maji ni ya shida. Kwa vizazi watu wameteremka mabondeni na kupanda tena na ndoo kichwani, na kwenye nyumba nyingi pamechimbwa kisima cha kuvunia maji ya mvua. Kisima kikijaa masika, hakuna mwenye akili anayewaita majirani waje kumwagiana maji kwa furaha. Huyapima kwa kata hadi Oktoba, hali akijua mvua haina ahadi. Na wachezaji wetu wa bao nao wanaijua kanuni hii barazani: mtu huanza na kete 22 mkononi, na kwa kila zamu huingiza moja tu. Asiyejua kutunza nyumba yake hufungwa mapema, hata kama kete zake za mwanzo zilikuwa sawa na za mwenzake. Iweje watu wenye adabu ya kisima na adabu ya bao wakose adabu ya fedha?

Jibu la swali hilo haliko kwa kijana peke yake, na itakuwa si haki kumwachia mzigo wote. Viongozi wa vyama vya msingi wana wajibu wa kulipa kwa wakati na kutoa hesabu za makato kwa lugha inayoeleweka, kwa kuwa mtu asiyejua atalipwa lini wala atakatwa nini hawezi kupanga. Mikutano ya vijiji iziulizie leseni mashine za kamari zilizowekwa madukani na kwenye vilabu, na yule anayewaachia watoto walio chini ya miaka 18 kucheza ashtakiwe. Sheria iko wazi. Walimu wa hesabu wa shule zetu za sekondari watumie mkeka kufundishia somo la uwezekano. Hakuna mfano utakaosikilizwa kwa makini zaidi. Vilabu vya mpira, ambavyo tangu mwaka 2017 vimevaa vifuani majina ya kampuni za kubashiri, vijiulize vinamtangazia nani. Vyama vikuu vyetu vya ushirika, MAMCU na TANECU, vikiwa mnadani vitenge hata nusu saa ya kuzungumza na mkulima juu ya akiba, kama vile vinavyozungumza naye juu ya madaraja ya korosho.

Nasi makada tusijitoe. Kijana anaweka dau kwa sababu ya tamaa, ndiyo, lakini pia kwa sababu mkeka ndio mlango pekee alioonyeshwa ambao hauulizi cheti, dhamana wala mtu wa kumjua. Tukimwambia afunge mlango huo, tuwe tumemfungulia mwingine: mkopo wa kijana unaofika kwa anayestahili, kiwanda cha kubangua kinachofanya kazi hapahapa badala ya korosho kusafirishwa ghafi pamoja na ajira zake, na ardhi ya kijiji inayogawiwa kwa haki. Tusipofanya hivyo, mahubiri yetu yatakuwa kelele tu, na ujumbe wa kampuni utasikika zaidi kuliko sauti zetu.

Msimu hauko mbali. Malipo yatafika, na simu italia mara mbili. Ujumbe wa kwanza una jasho la mwaka mzima ndani yake. Wa pili una hesabu ambayo imekwisha kufanywa na mtu mwingine, kwa faida yake. Mwananchi na aisome kwanza hesabu hiyo, kisha aamue mwenyewe kuhusu mali yake.